Ukisimama moyo unakwenda mbio, ECG inasema uko sawa? Hii ndiyo sababu

- ECG ya kawaida hupimwa ukiwa umelala, wakati tatizo la POTS hujitokeza ukisimama.
- Kipimo cha kitanda kinachoinuka huonyesha mchoro wa moyo unavyobadilika dakika kwa dakika.
- Zahanati yenye mashine ya presha na saa inaweza kuanza uchunguzi bila kitanda hicho.

Tunduma. Katika mji wa mpakani kama huu, kazi nyingi ni za kusimama. Mama lishe yuko jikoni tangu alfajiri, mbadilisha fedha anazunguka kati ya malori, mpakiaji yuko mgongoni mwa gari, kijana wa wakala wa forodha anakimbiza nyaraka upande wa pili, Nakonde. Ukisema kusimama kunakuchosha, wengi watakucheka.

Lakini wapo watu, hasa mabinti na kina mama vijana, ambao kusimama kwao ni mtihani kweli. Akiwa amelala yuko vizuri. Akisimama dakika mbili tatu, moyo unadunda kama ametoka kukimbia, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaingia giza, mikono inatetemeka na miguu inakosa nguvu. Akirudi kulala, hali inatulia.

Anaenda kupima. Malaria hakuna, damu ipo ya kutosha, na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, inasema moyo hauna tatizo. Anarudi nyumbani na karatasi yake, na hapo ndipo maneno yanapoanza: mvivu, ana mawazo, amerogwa, ana mapepo.

Kumbe huenda tatizo lake lina jina na lina kipimo. Shida ni kwamba alipimwa akiwa kwenye mkao ambao tatizo hilo huwa limelala.

POTS ni nini?

POTS ni kifupi kinachotumiwa na madaktari duniani kwa hali ambayo mapigo ya moyo hupanda kupita kiasi mtu anaposimama, bila presha kushuka.

Ili daktari aseme hii ni POTS, anaangalia mambo manne:

- Mapigo yanaongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika, ndani ya dakika 10 za kusimama. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 19, ongezeko linatakiwa kuwa 40 au zaidi.
- Presha haishuki sana. Namba ya juu haipungui kwa 20 na ya chini haipungui kwa 10.
- Dalili zinakuja ukisimama na kupungua ukilala, na zimedumu angalau miezi mitatu.
- Hakuna sababu nyingine inayoeleza hali hiyo, kama vile kupungukiwa damu au maji mwilini.

Jina hili si la zamani sana. Lilianza kutumika rasmi mwaka 1993, baada ya madaktari Ronald Schondorf na Phillip Low wa Mayo Clinic, Marekani, kuchapisha maelezo ya wagonjwa wao. Hali yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1871 daktari Jacob Da Costa aliandika kuhusu askari wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani waliolalamikia moyo kwenda mbio na uchovu, na baadhi ya watafiti wanaona huenda miongoni mwao walikuwamo wenye tatizo hili.

Wengi wanaopata POTS ni wanawake wa kati ya umri wa balehe na miaka 50. Kwa baadhi, inaanza baada ya maambukizi ya virusi, upasuaji au ujauzito. Baada ya mlipuko wa Uviko-19, madaktari katika nchi mbalimbali waliripoti wagonjwa wapya walioanza kuona dalili hizi wakiwa wameshapona virusi.

Damu inakwenda wapi ukisimama?

Ukiinuka kutoka kitandani, kati ya mililita 500 na 800 za damu hushuka kuelekea miguuni na tumboni. Hiyo ni zaidi ya chupa ndogo ya maji ya nusu lita, na inahama kwa muda mfupi sana.

Mwili una mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, bila wewe kuamua. Mfumo huo huibana mishipa ya miguuni ili damu irudi juu, na huuongeza moyo kasi kidogo. Kwa mtu mzima wa afya, mapigo huongezeka kwa 10 hadi 20 hivi kisha yanatulia.

Kwa mwenye POTS, hesabu hiyo haikai sawa. Inawezekana mishipa haibani vizuri, au kiasi cha damu mwilini ni kidogo, au mwili unamwaga noradrenalini nyingi, ile kemikali inayouandaa mwili kukimbia au kupigana. Wengine wana zaidi ya sababu moja. Vyovyote iwavyo, moyo unaamua kufidia kwa kukimbia.

Kwa nini ECG ya kitandani haioni kitu?

Mashine ya ECG hubandikwa nyaya 10 kifuani, mikononi na miguuni. Kutoka kwenye nyaya hizo inatoa picha 12 za umeme wa moyo, kila moja kutoka pembe yake. Karatasi ya kawaida hunasa sekunde 10 hivi tu, na wakati huo mgonjwa amelala chali, ametulia.

Kwa hiyo jibu la "moyo wako hauna tatizo" linaweza kuwa la kweli kabisa kwa sekunde hizo 10. Halisemi chochote kuhusu dakika ya tano ukiwa umesimama kwenye foleni.

Hapo ndipo kinapoingia kitanda kinachoinuka.

Kipimo kinafanywaje?

Mgonjwa analala kwenye kitanda maalumu chenye sehemu ya kukanyaga, na anafungwa mikanda kifuani na miguuni ili asidondoke. Anabandikwa nyaya za ECG na kifaa cha presha. Analala kimya kwa muda ili wataalamu wapate namba zake za mwanzo.

Kisha kitanda kinainuliwa hadi nyuzi 60 au 70, karibu na kusimama wima. Kwa POTS, dakika 10 za kwanza ndizo muhimu zaidi. Wakati wote huo mchoro wa moyo unaendelea kutoka na presha inapimwa tena na tena.

Kwa nini asisimame tu mwenyewe? Kwa sababu mtu akisimama, misuli ya miguu hukaza na kusukuma damu juu. Kwenye kitanda, miguu haifanyi kazi kubwa, hivyo mfumo wa neva unabaki peke yake na udhaifu wake unaonekana wazi.

Kipimo hiki kilipata umaarufu mwaka 1986, baada ya madaktari wa London kuonyesha kwenye jarida la The Lancet kuwa kinasaidia kutafuta chanzo cha watu kuzimia bila sababu inayojulikana.

Mchoro unabadilikaje?

Herufi P, Q, R, S na T zilizopo kwenye mchoro wa moyo zilipangwa na Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo. P ni kimlima kidogo cha mwanzo, pale vyumba vya juu vya moyo vinapopata umeme. QRS ni mlima mrefu wa katikati, pale vyumba vya chini vinapopata umeme ili visukume damu. T ni kilima cha mwisho, moyo unapojiandaa kwa pigo linalofuata.

Kitanda kikiinuka, mambo haya yanaweza kuonekana kwa mwenye POTS:

1. Milima inasogeleana. Hii ndiyo alama kuu. Karatasi ya ECG ina viboksi vikubwa. Kwa kasi ya kawaida ya mashine, gawanya 300 kwa idadi ya viboksi vikubwa kati ya mlima mmoja na mwingine, utapata mapigo kwa dakika. Viboksi vinne ni mapigo 75. Vikibaki viwili na nusu, ni mapigo 120.

2. Wimbi la P linabaki mahali pake. Kila mlima unatanguliwa na P ya kawaida. Hii inamwambia daktari kuwa moyo unafuata njia yake halali ya umeme, ila unakimbia. Katika baadhi ya picha, zile zinazoutazama moyo kutoka chini, P inaweza hata kurefuka, na nafasi kati yake na mlima mkubwa ikapungua kidogo.

3. Wimbi la T linashuka. Kilima cha mwisho kinaweza kuwa bapa, au kugeuka na kuangalia chini. Mara nyingi hili huonekana kwenye picha za upande wa chini wa moyo na baadhi ya picha za kifuani. Mgonjwa akilazwa tena, T hurudi ilivyokuwa.

4. Kasi inapanda hatua kwa hatua. Mapigo ya POTS hupanda taratibu na kushuka taratibu. Moyo ukiruka ghafla kutoka 80 hadi 180, kisha ukakatika ghafla, huenda kuna hitilafu ya njia ya umeme, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Mbona wimbi la T linaogopesha?

Kwa sababu T iliyogeuka ni moja ya alama ambazo madaktari wamefundishwa kuzishuku. Inaweza kumaanisha misuli ya moyo haipati damu ya kutosha.

Sasa fikiria binti wa miaka 23 anapimwa ECG akiwa amekaa au ametoka kusimama, moyo uko mbio, na T zimegeuka. Mtu akiisoma karatasi hiyo bila kuuliza ilichukuliwa katika mkao gani, anaweza kumwambia ana ugonjwa wa mishipa ya moyo. Familia inauza ng'ombe au shamba la kahawa ili impeleke mbali.

Ukweli ni kwamba T inaweza kubadilika hata kwa mtu mzima wa afya akisimama. Kasi ya moyo, kemikali za mfumo wa neva na jinsi moyo unavyohama kidogo kifuani vyote vinachangia. Kwa mwenye POTS, mabadiliko hayo huwa makubwa zaidi.

Kuna mtego mwingine. Mashine nyingi za ECG huandika tafsiri zenyewe, na moja ya namba zake ni muda wa QT uliorekebishwa kulingana na kasi ya moyo. Kanuni ya urekebishaji inayotumika sana, ya Bazett ya mwaka 1920, hutoa namba kubwa kuliko uhalisia pale moyo unapokwenda mbio. Mashine inaweza kuandika kuwa QT ni ndefu, kumbe ni hesabu tu.

Hii haina maana kwamba T iliyogeuka ipuuzwe. Mwenye maumivu ya kifua yanayobana, mwenye kisukari au presha, mtu wa umri mkubwa, au T isiyorudi baada ya kulala, anahitaji kuchunguzwa moyo haraka. Jambo la msingi ni kulinganisha karatasi mbili za mtu huyohuyo: ya kulala na ya kusimama.

Usichanganye na kuzimia kwa aina nyingine

Kitanda hiki kinasaidia pia kutofautisha matatizo yanayofanana:

- POTS: mapigo yanapanda sana, presha inabaki karibu palepale.
- Presha kushuka ukisimama: namba ya juu inapungua kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mara nyingi ndani ya dakika tatu.
- Kuzimia kwa kawaida: mtu anakaa vizuri kwa muda, kisha presha inaanguka na mapigo yanapungua ghafla. Kwenye mchoro, milima inaachana, na wakati mwingine moyo unasimama kwa sekunde kadhaa kabla ya kuendelea.

Wote watatu wanaweza kudondoka kwenye mstari wa asubuhi shuleni, lakini tiba zao hazifanani.

Uko Tunduma, unaanzia wapi?

Kitanda kinachoinuka si kifaa cha kila hospitali. Habari njema ni kwamba hatua ya kwanza haikihitaji. Inahitaji kitanda cha kawaida, mashine ya presha inayosoma na mapigo, saa, na mhudumu mwenye dakika 20.

Mgonjwa analala dakika 10, anapimwa mapigo na presha. Kisha anasimama, mgongo wa juu ukiegemea ukuta na visigino vikiwa mbele ya ukuta kidogo. Hatembei, hachezeshi miguu, hapigi stori. Anapimwa kila dakika hadi dakika ya 10. Akihisi anaanguka, analazwa na kipimo kinaishia hapo.

Usijaribu ukiwa peke yako nyumbani, kwa sababu unaweza kudondoka na kuumia.

Huu ni mfano wa majibu ya mtu wa miaka 23:

- Amelala: mapigo 74, presha 112/70
- Dakika ya 1: mapigo 98, presha 110/72
- Dakika ya 3: mapigo 112, presha 110/76
- Dakika ya 10: mapigo 121, presha 108/76

Mapigo yameongezeka kwa 47 na presha haijaanguka. Kama hospitali ina ECG, ichukuliwe moja akiwa amelala na nyingine akiwa amesimama, na kila karatasi iandikwe mkao na dakika. Karatasi hizo mbili zina thamani kubwa kwa daktari bingwa atakayempokea.

Kwa wakazi wa Songwe, safari ya rufaa kwa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya halmashauri, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iliyopo Vwawa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ngazi ya juu kwa magonjwa ya moyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyopo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Ndiyo maana dakika 20 za zahanati ni muhimu: zinaamua kama safari hiyo inahitajika na mgonjwa aende na taarifa gani.

Si kila moyo unaokwenda mbio ni POTS

Kabla ya kufika huko, yapo mambo ya kawaida zaidi ya kuangalia. La kwanza ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Mtu mwenye damu kidogo moyo wake nao hukimbia akisimama.

Mengine ni malaria, kuharisha na kutapika, ujauzito, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kifua kikuu na baadhi ya dawa. Kwa vijana, daktari aangalie pia ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, unaoharibu milango ya moyo. Kwa mama aliyejifungua karibuni, moyo kwenda mbio pamoja na kukosa pumzi akilala au miguu kuvimba kunaweza kuwa dalili ya moyo kushindwa kufanya kazi. Huyo asisubiri kipimo cha ukutani. Akimbizwe hospitali.

Ikithibitika, nini kinafuata?

POTS mara nyingi haiui, ila inaweza kukutoa kazini au shuleni. Hakuna kidonge kimoja cha kuimaliza, lakini wengi hupata nafuu kwa hatua hizi:

- Maji: kwa kawaida lita mbili hadi tatu kwa siku, ukianza mapema asubuhi kabla ya kuinuka.
- Chumvi: baadhi ya wagonjwa huambiwa waongeze. Hili ni kwa ushauri wa daktari tu, kwani Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima watumie chini ya gramu 5 kwa siku. Mwenye presha ya juu au ugonjwa wa figo asijaribu.
- Soksi za kubana zinazopanda hadi mapajani au kiunoni.
- Mazoezi ya kukaa au kulala kwanza, kisha kuongeza taratibu kwa wiki na miezi.
- Mbinu za papo kwa papo: pishanisha miguu, kaza mapaja, chuchumaa, au kaa chini kabla hujaanguka.
- Dawa: daktari anaweza kuchagua, kwa mfano, propranololi kwa dozi ndogo. Usiinunue mwenyewe duka la dawa. Kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari.

Mabadiliko madogo ya kazi nayo yanasaidia. Mama lishe anaweza kukatakata mboga akiwa kwenye kigoda. Mwalimu anaweza kumruhusu mwanafunzi akae wakati wa matangazo ya asubuhi. Hakuna anayedekezwa hapo, ni sehemu ya tiba.

Wahi hospitali kama

Unazimia ukiwa unakimbia au unafanya kazi nzito, moyo unaanza mbio ghafla ukiwa umetulia, kifua kinabana, unakosa pumzi ukilala, miguu inavimba, au kwenye familia kuna kijana aliyefariki ghafla. Hizo si dalili za kusubiri.

Kama dalili zako ni za kusimama tu na umeambiwa mara kadhaa kuwa huna kitu, rudi na ombi moja mahususi: "Daktari, naomba nipimwe mapigo na presha nikiwa nimelala, halafu nikiwa nimesimama kwa dakika 10." Omba namba ziandikwe kwenye daftari lako, na ulitunze.